Mchanga Ambao Wakubwa Walivuka

Mjukuu wangu Mueni,

Hapa Zombe tunaendelea, ingawa babu yako bado anakohoa na yule mbuzi mweusi amezaa pacha bila maziwa.

Umeniuliza kama stoo ya chakula cha msaada ijengwe hapa sokoni, vile ramani yenu ya kazini inasema. Nitakujibu na jambo ambalo hata mama yako sijamwambia.

Nikiwa msichana niliajiriwa kuandika majina ya wenye njaa. Wakubwa walikuja kiangazi, wakavuka mchanga kwa lori, wakasema ng'ambo ni karibu, stoo ikae sokoni. Hawakujua wamevuka mto. Mimi nilijua, kwa kuwa kwetu kulikuwa ng'ambo na ni katika mchanga huo tulimokuwa tunachimba maji. Lakini hakuna aliyeniuliza, nami nikaogopa kuwasahihisha.

Mvua ikanyesha na watu wakamshukuru Mungu, lakini mahindi hayaivi siku ya mvua. Mto ukajaa zaidi ya wiki. Magunia yalikuwa huku pamoja nami, watu wetu kule, na tulikuwa tunaonana. Kila asubuhi dada yangu Kavata alinipungia leso. Asubuhi moja leso ilipungwa na mama.

Maji yalipopungua nilivuka na gunia. Jina la Kavata lilikuwa bado kwa orodha yangu.

Wekeni stoo pande zote mbili, hata zikiwa ndogo. Na ukiona msichana anaandika majina amenyamaza, muulize.

Ni mimi susu yako