Chumba cha Chini Kimekauka

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za dhati, uwagawie wote wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa mazoea tu. Mimi mzima, ila magoti yananisema kila nikipanda ngazi. Kifua chako je? Pumu inakupa nafasi ya kulala?

Umeniandikia kwamba hati zako za safari zimetoka, ukauliza kama mahali pa kukupokea pako tayari. Miaka miwili nimekuwa nikikujibu kwamba chumba cha chini, kile kilichozama nusu ardhini, kina ukungu na hakikufai. Leo nina habari nyingine.

Ukungu ulikuwa wa kweli. Ulianza pembeni kama vidoa vya wino, ukapanda ukuta, ukaleta harufu ya gunia lililolowa. Kila mwaka nilinunua rangi nyeupe nikaufunika, na kila mvua zilipoanza ukatokeza tena. Hatimaye mama mwenye nyumba, anayekaa juu, alimwita fundi mwashi. Fundi alikwangua rangi kwa ukucha, akahesabu matabaka, kisha akauliza huyu ni daktari gani anayempaka mgonjwa poda badala ya kumpa dawa. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi.

Fundi alisema ukungu ni mgeni anayefuata maji. Ukiyafukuza maji, naye ataaga. Tukatoka nje. Bomba la mfereji wa paa lilikuwa likimwaga maji yote chini ya ukuta, na udongo wa bustani ulikuwa umeinamia nyumba. Akarefusha bomba, akachimba, akaupa udongo mteremko wa kupeleka maji mbali. Kisha akauliza matundu ya hewa yako wapi. Aliyapata mwenyewe nyuma ya kabati, yote mawili, nilikoyasokomezea nguo kuukuu kwa sababu ya baridi. Mimi na wewe tumefundisha watoto miaka mingapi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta? Hakuna aliyetuambia kwamba ukiziba tundu la hewa utaubomoa.

Tulivaa barakoa na glavu. Godoro na zulia vilitupwa. Plasta iliyooza ilibanduliwa, kuta zikasuguliwa kwa sabuni, kisha feni ikapuliza wiki mbili kabla ya plasta mpya. Sasa kabati limesogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani ili hewa ipite, nguo naanika nje, na pana kifaa kidogo cha kupima unyevu ambacho mama mwenye nyumba hukijulia hali kila asubuhi kama mtoto mchanga.

Sasa nikuambie lile ambalo nimekuwa nikilizunguka. Hicho chumba cha chini si cha ziada. Ndicho ninamolala, tangu mwaka ule niliofika. Kile chenye roshani nilichokueleza, na ile picha yangu kando ya dirisha lenye mapazia marefu, ni sebule ya mama mwenye nyumba. Alinikaribisha chai, nikamwomba nipigwe picha. Niliondoka huko nikiitwa mwalimu mkuu, na sikutaka ujue kwamba nimeishia mahali ambapo dirishani huonekana viatu vya wapita njia. Ulipotaka kuja, ukungu ukanipa kisingizio. Labda ndiyo maana niliupaka rangi miaka yote hiyo badala ya kuuondoa.

Ukikasirika una haki, ila njoo unigombeze hapa hapa. Kitanda chako kipo, kando ya ukuta uliokuwa mbovu kuliko kuta zote. Nimekilalia siku thelathini na moja, mvua zikinyesha, ili niupime kwa kifua changu kabla ya chako. Sijakohoa.

Wasalimie wenzetu wa shuleni waliobaki. Nijulishe siku na saa ya kufika. Nitakuja kukupokea mwenyewe, magoti yapende yasipende.

Ni mimi dada yako,
anayekungoja.