Mshale wa Nyutrino

Shoga, nimeumbuka! Nimejifungia stoo ya nyaya, natembea huku na huku.

Unaikumbuka ile nyutrino, ile chembe ndogo ya kutoka angani, yenye nguvu kuliko zote tulizowahi kunasa? Leo kikaoni Profesa kaniuliza, "Binti, imetoka wapi?"

Nami kwa mdomo wangu huu nikasema imetoka kwenye galaksi yenye shimo jeusi linalotema miali. Nikaonyesha na mshale wa njia yake kwenye ramani ya anga. Watu wakapiga makofi. MAKOFI! Wenye darubini wakazigeuza palepale.

Ndipo fundi mitambo, yule mpole asiyesemaga kitu, akanyoosha kidole. "Dada, huo mshale unaonyesha chembe ilikotoka au inakokwenda?"

Inakokwenda, shoga. INAKOKWENDA. Nimewaelekeza upande wa pili kabisa wa anga!

Profesa hakufoka. Bora angefoka! Kasema tu, "Geuzeni darubini," wala hakunitazama.

Ngoja, mlango unagongwa.

Ni fundi. Nilijua kaja kuniambia nifungashe virago. Kumbe kaleta picha ya upande ulio sahihi. Nimeikodolea macho mpaka yanauma. Hakuna galaksi ya maana, hakuna nyota iliyolipuka, hakuna chochote cha kuirusha chembe ile. Giza tupu!

"Profesa anakuita," kasema. "Wote wanakusubiri. Anauliza tena imetoka wapi."

Shoga, nilipokosea nilikuwa na jibu. Sasa mshale uko sawa, na jibu sina.