Jina Langu Halimo

Shoga, nimetoka sinema sasa hivi, kwenye uzinduzi wa filamu.

Ile filamu ya jasusi anayezuia mataifa makubwa mawili yasirushiane nyuklia, niliyoiandika kwa miaka mitatu, jina langu halimo. HALIMO! Wameandika mwongozaji ndiye aliyetunga.

Nilikuwa na mama, kavaa gauni jipya kwa ajili yangu. Akaninong'oneza, "Mbona sijaliona jina lako, mwanangu?" Nikakosa pa kuuficha uso.

Muda wa maswali nikasimama. Nikamuuliza yule mwongozaji mbele ya watu, "Kwa nini jasusi anampigia simu mke wa jenerali, si jenerali mwenyewe?"

Akababaika. Eti ni fumbo, kila mtu aelewe anavyotaka.

Fumbo! Nikamwambia, "Jenerali hamwamini mtu mwingine duniani ila mkewe. Uliikata sehemu hiyo kwa sababu hukuielewa nilipoiandika."

Unajua alinijibu nini? "Asante dada, tunawapenda mashabiki wanaofuatilia."

Shabiki. Mimi, shabiki!

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mama naye akasimama akapiga kwa nguvu, maskini, akidhani wananipongeza mimi.