Ngoma Ambayo Hutaiona

S.L.P. 412,
Garissa.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Morris,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye joto hili. U hali gani huko Ghent? Kile kikohozi cha Disemba kimepona, au bado unatembea bila kofia ukijidai umezoea baridi? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama alinipigia juzi kutoka Mwingi. Goti linamsumbua ila mdomo uko sawa kabisa. Alinigombeza nusu saa nzima kwa sababu wewe hujaoa.

Mimi nimechoka, Morris. Nakwambia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Walimu wawili wamehamishwa na madarasa yao nimeachiwa mimi. Ombi langu la uhamisho limerudi tena na jibu lile lile. Jioni nikifika nyumbani najilaza sakafuni, maana saruji ina ubaridi kidogo, na hata viatu sivui.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tunaishia kufokeana. Nikimaliza nitaipiga barua hii picha nikutumie, na hiyo ndiyo picha pekee utakayopata kutoka kwangu.

Najua hilo halitakufurahisha. Umehangaika miaka miwili kuyaunganisha matamasha matatu, lenu, la Marseille na la Nairobi, ili yasaidie ngoma za kisasa kutoka pande ambazo hazialikwi popote. Uliwaeleza habari za jirani yangu Saynab na wanawake wenzake wanaocheza buraanbur, na za binti yake Idil aliyeichukua ngoma hiyo ya harusi akaigeuza kuwa kisa cha wanawake wanaongoja maji mwaka wa ukame. Sasa wakubwa wako wanataka video kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inakwenda kwa wengine na mkataba wako hauongezwi. Yote hayo nimeyaelewa.

Lakini ngoma hii wanaume hawaioni. Nilimsihi Saynab mpaka nikaona haya. Alinijibu huku akiendelea kupima maziwa ya ngamia: "Bicha hapana, mwalimu. Bicha ikitoka hapa itafika kwa shemeji, itafika Liboi, itafika kila mahali. Wallahi sitaki."

Ndipo ukaniandikia ule ujumbe, kwamba nirekodi kimyakimya kwa kuwa mimi ndiye mpiga ngoma wao na hakuna atakayenishuku. Ujumbe huo uliniuma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliufikiria kwa siku kadhaa.

Hata Idil mwenyewe alinifuata shuleni. "Mwalimu, nirekodi mimi pekee yangu, dakika mbili tu. Hooyo hatajua," yaani mama yake. Binti huyu anaitaka safari kuliko chakula. Nilimuuliza atacheza na nani. Nilishakueleza kwamba pale hakuna anayecheza peke yake: mmoja huingia katikati, akamvuta wa pili, wa pili akamwachia wa tatu, na ambaye hajaingia hupiga makofi. Idil aliondoka bila kuniaga, na tangu siku hiyo salamu zake ni za mbali.

Alhamisi iliyopita walicheza kwenye harusi ya Jawahir, mpwa wa Saynab, maana kila mtu anaharakisha kuoa kabla ya Ramadhani. Simu hukusanywa mlangoni kwenye beseni. Yangu ilikuwa mkobani, imejaa chaji. Msichana wa beseni aliponinyooshea mkono, Saynab akamzuia: "Ya mwalimu wacha. Huyu ni ya sisi."

Niliingia ndani kidogo tu, nikashindwa. Nikarudi nikaitia simu kwenye beseni mimi mwenyewe, kisha nikaenda kukaa nyuma ya ngoma. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto. Idil aliingia akasimama tu, mkono umeshika mtungi ambao haupo, akasimama mpaka vigelegele vikaisha vyote. Halafu mguu mmoja ukaanza. Bibi mmoja mzee alilia kwa sauti. Nilitamani ungekuwepo, Morris. Nilitamani sana.

Baadaye nilimweleza Saynab shida yako, ila ule ujumbe sikuutaja. Alifikiri kidogo, akasema: "Kama wanataka kuona, watume mwanamke. Lakini asikuje kukaa kwa kiti na kalamu. Aingie, acheze." Na huko Ulaya, akasema, iwe vivyo hivyo, ukumbi wa wanawake pekee, hata anayewasha taa awe mwanamke. Waambie wakubwa wako bila kupunguza neno. Mnasema mnataka ngoma za kila namna. Hii nayo ni namna mojawapo.

Huenda wakakwambia haiwezekani. Huenda wakakuachisha kazi, na mimi nitakuwa na mkono wangu humo. Unisamehe kwa hilo, lakini sirudi nyuma.

Wakikubali, basi jiulize na wewe. Utaomba vibali, utapanga viti, utawapokea uwanja wa ndege, halafu mlango utafungwa ukiwa nje pamoja na wanaume wengine. Kazi yote hii, na hutaona hata unyayo wa Idil. Ukiona huwezi kulivumilia hilo, niambie mimi sasa, nimwambie Idil mimi mwenyewe. Hasira yake nitaibeba, nimeshaizoea.

Lazarus anakusalimu kutoka Dagahaley. Zahanati imemnyima likizo tena, kwa hiyo mume wangu namwona kwenye simu kama ninavyokuona wewe. Nisalimie Gatwiri na wenzenu wote wa nyumbani walioko huko. Saynab naye anakusalimu. Aliniuliza jina la baba yetu ili akutaje vizuri kwenye dua zake, akasema: "Mwanaume ya kusumbuka na kitu hataona, huyo ni ndugu yangu."

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akupe na moyo wa kunijibu kwa upole.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Kasyoka