Majibu ya Barisa

Garsen, Alhamisi, 1956

Rufaa imekataliwa. Barua ilifika kwa Bwana DC, na mimi, mkalimani wa mahakama, ndiye niliyeitwa kumweleza mama yake Barisa kwa Kiorma.

Nikamwambia majaji hawaoni kwamba mwanawe alikuwa na wazimu alipomuua mjomba wake kwa rungu. Imeandikwa kuwa kwenye kesi alijibu maswali sawasawa.

"Barisa wangu huyu?" akauliza. "Tangu ukame ule hajanijibu sawasawa hata mimi niliyemzaa."

Siku ya kesi jaji alimuuliza kwa nini alimpiga mjomba. Barisa akaanza kuwaita ng'ombe wake waliokufa, jina moja moja, kisha akaniomba niwapishe mlangoni, wana kiu. Mimi pia ni Muorma. Niliona aibu mbele ya Mzungu. Na karani aliyenifundisha kazi alizoea kuniambia jaji hapendi maneno ya kuzunguka, niyanyooshe. Nikayanyoosha.

"Anasema waligombana kwa ajili ya ng'ombe."

Jaji akaandika.

Kesho niende kwa DC nikaseme? Kazi nitaikosa, pengine nifungwe. Nisiposema, watamnyonga kwa jibu langu mimi.

Mama alinishika mkono akanishukuru kwa kumsemea mwanawe. Jioni, nilipofunga ofisi, nilijikuta nimesimama kando ya mlango, nangoja ng'ombe wale wapite.