Mahabusu Niliyekuletea

Minza mwanangu,

Mwangaluka, salamu zikufikie huko Lamadi walikokuhamishia. Hapa Lalago bado natamba: nani mwingine kazaa askari wa kike? Kituo kizima ulikuwa wewe tu! Hilo namwambia hata asiyeniuliza. Lakini leo naandika nisilolitamba, na wengine wasome.

Unakumbuka Ng'wasi, jirani yetu mjane, alivyonicheka mnadani. Nilikuwa nakusifia kama kawaida yangu, akasema, "Mayu, mama Minza, punguza. Mwanao kazi yake kulinda ndoo ya mahabusu." Watu wakaangua kicheko. Nikaja kituoni mbio, nataka afungiwe kwa kunitukana. Ukaninong'oneza, "Mama, haya si tuyamalize nyumbani?" Nikakupita, nikaenda kumlilia mkuu wako mpaka akakubali.

Sikujua kwamba mahabusu mwanamke hulindwa na askari mwanamke. Kesho yake wenzako wakawapeleka washtakiwa mahakamani Maswa, ukabaki peke yako.

Mchana mwano ukapigwa, lile yowe la ng'ombe kuibwa, ambalo kwetu likilia hata mgonjwa hunyanyuka. Tukakimbilia kituoni. Nikakufokea kaunta mbele ya watu wote: "Polisi gani wewe, umekaa kitini ng'ombe wanaondoka?"

Hukupandisha sauti. "Nikitoka, mama, nani atabaki na huyu uliyetaka afungiwe?"

Ng'wasi akauliza kutoka selo, "Ng'ombe wa nani?"

Walikuwa maksai wake wawili. Mchungaji wao ni yeye mwenyewe, na yeye nilikuwa nimemfungia.

Mwanangu, sare yako nimeitangaza kila mnada, ila sikuwahi kukuuliza siku yako kazini inakwendaje. Nilidhani askari ni wa kukimbiza wezi tu. Kumbe ukimweka mtu ndani, umemweka na askari wa kumlinda. Watu wanasema polisi mlizembea siku ile, na mimi nasikia, nanyamaza. Mimi, Minza! Mimi ninyamaze!

Juzi mvua ya kwanza iliponyesha nilimpelekea Ng'wasi maksai wetu alimie, maana wake hawakupatikana. Akawapokea, akafunga jembe, akalima hadi jioni. Nilimsalimia wakati wa kuja na wakati wa kuondoka. Hakuitikia.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba umenisamehe, mwanangu. Najua moyo wako, utafanya haraka. Ngoja kwanza Ng'wasi aitikie.

Mama yako,
aliyekuaibisha kaunta