Matairi Laini kwa Mgongo wa Keza

Jumanne, 20 Mei
Tumerudi kutoka Niboye, kwenye mazoezi ya mgongo. Keza kalala kifudifudi, chai hataki. Kila dodani barabarani, gari likiruka lile tuta, mtoto anauma kitambaa asilie. Miaka kumi na mmoja tu huyu. Walimnyoosha mgongo kwa vyuma, na mimi sasa naogopa barabara kuliko ninavyoogopa radi. Dada wa mazoezi kaniambia: mama, ninachojenga mimi hapa, gari lenu linabomoa njiani. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumatano, 21 Mei
Tumeenda kwa fundi, mimi na mume wangu, Papa Keza. Kumbe tatizo ni matairi. Gari la Kijerumani, lilikuja na matairi ya mbavu ngumu, yanayotembea hata upepo ukiisha. Ndiyo maana linagonga hivyo. Fundi kasema tuweke ya kawaida, laini. Lakini kaonya: gari hili halikupewa tairi la akiba, nunueni na spea na jeki. Na upepo ukiisha msiende hata kidogo, mnasimama palepale.

Papa Keza kacheka. "Sha, hili halijawahi kunilaza njiani."

Kweli, kwa matairi yale magumu ile taa ya upepo ilikuwa inawaka na yeye anazunguka siku nzima, anaonyesha watu viwanja. Kazoea.

Nimemwomba anunue la tano. Kasema buti ni la mabango yake ya viwanja. Kanunua manne.

Alhamisi, 22 Mei
Keza kavuka dodani mbili anaongea. Anaongea tu, habari za shule. Mimi nyuma nimeshika mkono wake, machozi yananitoka bure. Asante Mungu.

Jumapili, 25 Mei
Baada ya misa Papa Keza kaosha matairi. Siyo gari, matairi. Kayapaka mafuta ya kung'arisha, yananuka kama samaki aliyesahauliwa. Majirani wakipita anawaita waje kuona.

Kisha nimeikuta brashi ya meno ya Keza ndani ya ndoo yake. Alikuwa anasugulia rimu. Keza kasafishia meno brashi hiyohiyo asubuhi, na Papa Keza anasema si mara ya kwanza, juzi pia aliichukua, akaisuuza, akairudisha.

Kinyaa. Nimeenda kutema mate nyuma ya nyumba. Mwanaume mzima.

Jumamosi, 31 Mei
Mikono sijanawa bado. Naandika hivyohivyo.

Leo umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Asubuhi magari hayatembei, watu wote tuko mtaroni na majembe. Huku Kinyinya wanajenga kila kona, misumari iko kila mahali, tumeokota mpaka tumechoka. Halafu mkutano, mabenchi kando ya barabara. Papa Keza kaomba neno. Nikadhani atasema habari za mtaro. Akasema habari za matairi yake. Kwamba wazazi wapende watoto wao kama yeye. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia chini.

Saa za magari zilipofunguliwa tukatoka kwenda Niboye. Mkutano ulikuwa bado unaendelea. Hatujafika kwenye mabenchi, taa ikawaka. Nikamwambia, simama. Akasema, "Hiyo taa tunajuana nayo." Gari likaanza kulalia upande wa Keza. Pafu, pafu, pafu. Nikasema fundi alisema nini? Akasema, "Nisimame hapa? Mbele ya hawa?"

Watu wakainuka kwenye mabenchi. "Papa Keza, tairi! Tairi!" Yeye akapiga honi, akainua mkono, akawasalimia. Kama anapita harusini.

Tukapita kona, hakuna anayetuona tena, angeweza kusimama. Mara vijana wa moto, wale wa pikipiki, wakatokea nyuma wanacheka. Akaendelea. Tairi likachanika vipande, tukawa tunatembea na chuma. Dodani ikaja. Sauti aliyoitoa Keza sitaki kuiandika.

Akatapika kwa maumivu. Gari ndipo likasimama. Papa Keza akageuka, na kitu cha kwanza alichoangalia ni kiti. Kiti. Kisha ndipo mtoto.

Nilikuwa na matapishi mpaka kwenye viwiko, lakini kilichonichefua ni yeye.

Buti: mabango. Spea hakuna. Jirani yangu Mama Divine kaja anakimbia, kamfuta Keza kwa kitenge chake kizuri cha mkutano. Wanaume wameacha majembe, wameleta godoro, wamembeba mtoto begani wanne mpaka nyumbani, wanaenda polepole kama wamebeba mayai. Baba yake kabaki kulinda gari.

Jumapili, 1 Juni
Sikuenda misa. Nimelala chini kando ya kitanda cha Keza. Chakula cha baba yake nimekifunika mezani. Sitaki kumwona anavyotafuna.

Jumatatu, 2 Juni
Kwa daktari, tumepanda teksi. Vyuma viko mahali pake. Nimekaa kwenye korido nikalia kwa sauti, watu wakanipa nafasi. Keza kaniambia kwenye gari la Papa haingii tena. Daktari anasema mazoezi yasikatike, mgongo utakaza.

Alhamisi, 5 Juni
Papa Keza kanunua matairi mawili, moja la akiba, na jeki. Mabango yake yako sebuleni. Watoto wa mtaa wanamwita Bwana Pafupafu. Haniulizi kwa nini sicheki wala kwa nini sikasiriki. Kamwomba Keza apande gari, Keza kasema hapana.

Jumamosi, 7 Juni
Asubuhi Keza kasimama mlangoni mwa gari. "Papa, ukisikia sauti utasimama?"

"Nitasimama."

Kaingia polepole.

Karibu na kituo cha basi ikasikika ta, ta, ta. Kidogo tu, ningeweza kudhani ni masikio yangu. Kasimama. Watu wamejaa pale. Kashuka, kapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kazi, kapapasa matairi yote. Kijana mmoja wa moto kamwuliza, "Bwana Pafupafu, limekufa tena?" Papa Keza kachokoa kijiwe tairini kwa ufunguo, kamwonyesha Keza dirishani.

Keza kasema, haya, twende.

Wiki nzima nguo za Papa Keza nilikuwa naziacha sakafuni. Jioni nimeiokota ile suruali, nimeiloweka na zetu.